Mhariri Aliyekata Salamu za Babake

Kaeni vizuri, na aliye na chungu jikoni akakiepue kabisa, maana habari hii nitaisimulia bila kuikata, na sababu yake mtaiona wenyewe. Palikuwa na nchi ambayo ramani yake ilichorwa na watu waliokuwa wakisinzia. Mito yake ilibadili upande ikichoka, na karne yenyewe, ambayo wenye kuhesabu waliiita ya kumi na tisa, ilikuwa haijafika mitaa yote. Mtaa mmoja nyuma ya soko uliwahi kuutangulia wakati, ukakuta huko mbele hakuna mtu wa kuzungumza naye, ukarudi zake. Katika nchi hiyo palikuwa na mji, mji ulikuwa na gazeti, gazeti lilikuwa na mhariri, na mhariri alikuwa na baba. Nataka kumshika mkono mhariri huyu nimpitishe mbele yenu, kwa kuwa nampenda, japo mara nyingine alinitia hasira.

Aliitwa Feruzi bin Mwinchande, na gazeti lake liliitwa Kinywa cha Mji. Lilitoka kila mwezi ulipoandama. Herufi zake zilikuwa za risasi, zimelazwa katika kisanduku chenye vyumba vidogo vidogo, na zilikuwa chache, hata habari moja ikitanuka jirani yake hukosa pa kukaa. Kwa hiyo Feruzi alijifunza kukata. Ukimletea habari ya harusi, alikata vigelegele, akakata pilau, akakata mashangazi wote, akabakiza bwana na bibi. Ukimletea habari ya vita, alibakiza aliyeshinda. Watu walimheshimu, wakawa wanayapunguza maneno yao wakimwona anapita, wakanong'onezana kwamba bwana huyu ana jicho. Naye taratibu akaanza kuamini kwamba dunia iliandikwa na mtu mwenye maneno mengi, na kwamba yeye aliletwa aifupishe.

Baba yake, Mzee Mwinchande, aliishi ng'ambo ya vilima, na kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda. Alisokota kamba za ukindu, akazipitisha juu, akazipitisha chini, akakaza kwa goti, mpaka mbao tupu zikawa mahali pa mtu kulala. Huku kamba zikisubiri kukauka, aliandika barua. Mzee aliandika kwa herufi za Kiarabu, toka kuume kwenda kushoto. Feruzi alijibu kwa herufi za gazeti, toka kushoto kwenda kuume. Mara nyingine Feruzi alijiuliza kama wakati nao hauendi hivyo, baba akirudi polepole utotoni na yeye akienda uzeeni, mpaka siku moja wapishane mlangoni kila mmoja akimpisha mwenzake. Wazo hilo lilimfurahisha, kisha alilikata.

Mpeleka barua wao alikuwa tarishi mmoja, Majaliwa. Huyu alitoka mjini akiwa na mvi, akavuka vilima mvi zikimdondoka, akafika kwa mzee akiwa kijana anayepiga mluzi. Akirudi mjini alizeeka tena. Alikwisha kuzoea, na safarini alibeba fimbo ya kutumia upande mmoja tu wa njia.

Barua za mzee zilikuwa hivi. Kwa janabu, mpenzi, pambo la macho yangu, mwanangu Feruzi bin Mwinchande, Mungu amweke. Ama baada ya salamu, nakuarifu hali yangu ni njema, na hali zako ndizo nizitakazo. Hapa sote hatujambo, ila shauku ya kuuona uso wako. Anakusalimu mama yako mdogo, Binti Shangwe. Anakusalimu jirani Mwinyikondo, na mguu wake umepona. Anakusalimu yule uliyempa kofia, jina lake limenitoka, lakini lako halijamtoka. Wanakusalimu watu wa bondeni, na wa bondeni wakisikia nimewataja wa mlimani watanuna, basi wanakusalimu wa mlimani pia. Na hivyo hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka pembeni kabisa, pale ambapo karatasi ilikuwa imekwisha na wino unafifia, ndipo ilipojibanza habari yenyewe: mbuzi mweupe amezaa.

Sasa sikieni kosa. Kila mwezi, kabla ya kuchapa, Feruzi alikaa na rundo la karatasi za waandishi wake wa vijijini, akazisahihisha kwa wino mwekundu, akawarudishia wajifunze. Asubuhi ile rundo lilikuwa kubwa, na barua ya baba yake ilikuwa humo ndani. Mkono wa mhariri ukishazoea kukata hauulizi huyu ni nani. Ulikata janabu, ukakata mpenzi, ukakata pambo la macho. Ukamkata Binti Shangwe. Ukamkata Mwinyikondo pamoja na mguu wake. Ukawakata wa bondeni na wa mlimani kwa mstari mmoja. Ukaacha mbuzi mweupe amezaa, na pembeni ukaandika: Fupisha. Hayo mengine yanajulikana. Majaliwa akabeba mzigo, akaenda zake, na mvi zilikwisha anza kumwanguka pale Feruzi alipopekua meza akitafuta barua ya kujibu na kuikosa.

Alikaa chini. Mtu amekosoa barua ya mzazi wake kwa wino mwekundu, akamrudishia ajifunze. Lahaula. Aliwaza radhi za mzee zikimponyoka, akawaza babake akiisoma karatasi ile barazani mbele ya majirani, akashikwa na aibu hata akaomba ardhi ipasuke, na kwa kuwa nchi yenyewe ilikuwa ile, alilazimika kuiambia haraka kwamba alikuwa anasema tu.

Majaliwa aliporudi, amezeeka tena na fimbo yake mkononi, Feruzi aliipokea barua akaifungua palepale. Ilikuwa fupi. Mwanangu Feruzi, nimefundishwa nikafundishika. Kweli maneno yalikuwa mengi. Mbuzi mweusi naye amezaa. Mzima.

Hapakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha. Tarishi akaeleza kwamba mzee aliifurahia karatasi ile kupita kiasi. Aliibandika ukutani, akawaita watu waje waione, akawaambia mwanangu ana kazi za mji mzima shingoni, lakini tazameni, amekaa akanisahihishia mimi babake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo mzee amekuwa mtu wa kufupisha. Mtu akimuuliza habari za asubuhi, anamwambia hizo zinajulikana. Ameuleta ufupi mpaka kwenye vitanda. Anasema kila kitanda kina kamba nyingi zisizo na kazi, amezitoa nusu, na Mwinyikondo juzi alilala kitandani akaamkia sakafuni, akiwa amepitiliza katikati, magoti usoni. Binti Shangwe amekataa kulala mpaka kamba zirudi. Majaliwa alicheka mpaka akakohoa, na Feruzi naye, kwa aibu yake yote, hakuweza kujizuia.

Barua iliyofuata ilikuwa fupi zaidi. Ilisema: Mbuzi wa tatu amezaa. Haikuwa na mwanangu, haikuwa na Feruzi. Feruzi aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akamuuliza tarishi kama jina limedondoka njiani. Majaliwa akajibu kwamba hapana, mzee alifikiri sana juu ya jina lile, akaona na lenyewe ni la kukatwa, maana mwenyewe unajijua.

Hapo ndipo nchi ile ilipoonyesha sheria yake, ambayo haikuwahi kuandikwa popote kwa sababu haikuwahi kuvunjwa. Watu wa kwao walisimama kwa salamu. Kila salamu iliyotumwa kwa mtu ilikuwa kamba moja chini yake, na mtu alilala juu ya kamba hizo maisha yake yote bila kuzihisi. Feruzi alitoka ofisini mchana huo akampita muuza kahawa, na muuza kahawa akamwangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mtu ambaye huenda ulimwona msibani. Akampita kinyozi wake wa siku zote, naye akamuuliza kama amewahi kunyolewa mjini hapa. Alipoinua macho kwenye kibao cha gazeti, palipoandikwa Mhariri ni, mbele yake palikuwa peupe.

Alikwenda nyumbani mbio. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa barazani akipepeta mchele. Alimwona, akajitanda kanga vizuri, akasimama.

"Karibu, mgeni," alisema. "Mwenyewe hayupo, ila hatakawia. Kaa umsubiri."

Basi Feruzi akakaa katika baraza yake mwenyewe kujisubiri. Msicheke sana, nanyi mngekaa, kwa kuwa alikaribishwa vizuri mno. Aliletewa maji ya kunawa, akaletewa vitumbua ambavyo siku nyingine huambiwa ni vya wageni, na ni kweli, vilikuwa vitamu. Mwanakheri alizungumza naye kwa upole akamsimulia habari za mumewe. Alisema mumewe ni mtu mwema, hana neno na mtu, ila ana haraka. Akisalimiwa huitikia akiwa amekwisha pita. Zamani, walipooana, alikuwa akimuuliza umeamkaje, akangoja jibu lote, hata ndoto. Sasa huuliza kwa kichwa tu, hivi. Akakionyesha kichwa cha Feruzi kinavyofanya, na Feruzi akakitambua kichwa chake juu ya shingo ya mkewe, akaona haya.

Akabaki peke yake na vitumbua. Nani anasubiriwa? Mimi. Nani anasubiri? Mimi. Aliyekwenda kazini ni nani basi? Kama nitakuja, nitanitambua? Nitanisalimu, au nitanipita? Na kama jina langu lilikuwa la kukatwa, ni nani mwenye haki ya kulikata, na haki hiyo alipewa na nani, na aliyempa alisalimiwa na nani asubuhi hiyo? Mtawala wa nchi hukata watu kwa sheria, mimi nilikata watu kwa wino, sote wawili tukisema nafasi haitoshi. Lakini nafasi ni ya nani? Kitumbua hiki kitamu. Mwanakheri hajanipa kitumbua cha namna hii tangu lini? Ningekuwa mgeni mapema.

Hofu ilimshika kweli jua lilipopinduka, Mwanakheri alipotoka, akatazama njia, akasema mume wake leo amechelewa. Halafu akasita, akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu alichokishika sasa hivi, "Hivi, mgeni, nilikuwa namsubiri nani?" Feruzi akajua kwamba kamba ya mwisho inalegea, na kwamba akilala usiku bila salamu ya baba yake, kesho hatakuwepo hata mtu wa kusubiriwa.

Alirudi ofisini kumwandikia mzee. Aliandika: baba, nisalimie. Akaifuta. Salamu ya kuombwa haiwi salamu, inakuwa zaka. Aliandika: baba, yale mengine hayakuwa yanajulikana, nilikosea. Akaiona ni kweli, lakini haina mlango wa kuingilia. Akachukua nakala za barua zake za zamani, ambazo alizitunza kama mhariri yeyote, atazame zamani alimwanzaje babake. Zote zilikuwa namna moja. Nimepata barua. Mzima. Kazi nyingi. Alizipekua toka juu mpaka chini, na hakukuta shikamoo hata moja. Miaka yote hiyo mzee ndiye aliyekuwa akianza, mkubwa akimwamkia mdogo, akiita mpenzi na pambo la macho kutoka ng'ambo ya vilima, na huku mdogo akijibu kama risiti. Alikuwa ameikata shikamoo kabla ya wino mwekundu kununuliwa, kwa sababu alidhani babake anaijua.

Feruzi akalia kidogo, kisha akacheka, kwa kuwa mara hii alijua la kufanya. Mwezi ulikuwa umekaribia kuandama. Aliubomoa ukurasa wa kwanza uliokwisha pangwa, habari za ushuru na za mashujaa, akazirudisha herufi kisandukuni. Akafungua droo ya herufi kubwa kuliko zote, zilizokuwa zimewekwa kwa siku ambayo mtawala atakufa na wala hazijaguswa na mtu, akapanga nazo maneno mawili: Shikamoo baba. Chini yake akaanza kwa herufi ndogo. Kwa janabu, mpenzi, fundi wa vitanda, Mzee Mwinchande, ambaye macho yangu hayana pambo jingine.

Mlango ulikuwa wazi, na muuza kahawa akachungulia akauliza yeye ni nani. Feruzi alijibu kwamba ni mpiga chapa tu. Muuza kahawa akayasoma yaliyopangwa, akauliza kama kuna nafasi ya kumsalimu dada yake aliyeolewa ng'ambo ya vilima, miaka mingi sasa. Feruzi akafungua mdomo aseme nafasi haitoshi. Maneno yakamsimamia ulimini, akayameza, akasema ipo. Kinyozi akaja nyuma yake, ana rafiki walikosana juu ya wembe na wote wawili wamesahau kosa. Halafu wakaja wanawake wa sokoni, wakaja walimu na wanafunzi wao, wakaja hata watu wa ule mtaa wa nyuma uliotangulia wakati, wakiwa na salamu za wajukuu ambao hawajazaliwa. Hakuna aliyemjua Feruzi, na kwa hiyo hakuna aliyefupisha mbele yake. Walisema yote.

Herufi zikaisha. Zamani hapo ndipo angelikata. Safari hii alichapa hapo zilipokomea, akazibomoa, akazipanga upya, akachapa chini yake, akabandika karatasi kwenye karatasi kwa uji wa muhogo, mpaka gazeti likatoka mlangoni, likashuka ngazi, likapita uwanjani, na watu wakalishika kando kando lisiguse vumbi. Mtu alileta ngoma. Mwanakheri naye alikuja na vitumbua vyake, akamwamuru yule mgeni mpole aandike kwamba anamsalimu mkwewe, na anamsalimu mumewe pia popote alipo, akasahau jina, akamwambia aache pengo. Feruzi alilipanga pengo lile kwa uangalifu kuliko neno lolote alilowahi kulipanga. Majaliwa akalikunja gazeti lile kama mkeka, akalitia begani, akaondoka, na watu wanasema mara hii mvi zilianza kumdondoka kabla hajafika hata kona.

Feruzi alirudi barazani akakaa. Hakuwa na la kukata wala la kuongeza. Mwanakheri alimletea maji, akamuuliza kwa nini anatabasamu, akajibu hajui, na hakuwa anadanganya.

Jua lilikuwa karibu kuzama tarishi aliporudi, na njia ambayo siku zote humchukua majuma safari hii ilikuwa imejikunja imsaidie. Alikuwa mzee kabisa, amechoka, anacheka peke yake. Alisema Mzee Mwinchande alilitandika gazeti lile kutoka mlangoni mpaka bondeni, akalitembea kwa miguu mitupu akilisoma, na kila salamu aliitikia kwa sauti, moja moja, za watu anaowajua na asiowajua. Alimwitikia muuza kahawa, akamwita yule dada aje aitikie mwenyewe. Aliwaitikia wajukuu wasiozaliwa, akawauliza wameamkaje. Alipofika kwenye pengo alisimama, akalitazama, akalijaza kwa kalamu yake. Kisha alirudi nyumbani akazirudisha kamba zote kitandani kwa Mwinyikondo, na zile za Binti Shangwe akaziongeza, na sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Kwa hiyo barua ni fupi, alisema tarishi, mzee anaomba radhi, alikuwa amebakiwa na neno hilo tu.

Feruzi aliifungua. Mstari mmoja, toka kuume kwenda kushoto.

"Marahaba, baba."

Hivyo ndivyo akina baba wa kwao wanavyowaita watoto wao wakiwapenda, na Feruzi hakuwa ameitwa hivyo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Aliisoma tena, asijue katika maneno hayo nani amembeba nani. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ukatafuta kalamu, ukaipata, ukaishikilia juu ya karatasi, ukaona hakuna cha kukata, ukaiweka.

"Feruzi!" Mwanakheri aliita kutoka ndani, kwa ile sauti ya kila siku, nusu yake ugomvi. Akatokea mlangoni anafuta mikono, akamtazama mumewe toka utosini hadi miguuni kama mtu aliyerudishiwa kitu cha mkopo anayekagua kama ni kizima.

"Umechelewa leo," alisema. "Alikuja mgeni wako hapa, akakaa kutwa nzima anakusubiri. Mtu mpole, anasikiliza. Mmeonana?"

"Tumeonana."

"Kaenda zake?"

"Kaenda."

"Kaacha salamu?"

Feruzi alianza kuitikia kwa kichwa, hivi, kisha kichwa akakizuia.

"Kaacha nyingi," alisema. "Zingine zako. Umeamkaje, Mwanakheri?"

Mkewe alishangaa kuulizwa hivyo jua likizama. Alisimama kidogo, kisha akavuta kigoda akakaa, akaanza kumwambia, toka alfajiri, toka ndotoni, na Feruzi akangoja jibu lote.